Beji ya Kijani

Beji zetu zilikuwa za bluu, yake ya kijani. Nilizichapa mwenyewe usiku wa kuamkia mkutano, nikazikata kwa mkasi na kuzitia kwenye vifuko vya plastiki mpaka saa saba za usiku. Za bluu ziliandikwa "Mwanachama", za kijani "Mgeni". Asubuhi nikakaa mezani kugawa. Nilipomwona anapanda ngazi taratibu, kaunda suti yake imenyooka, nilifurahi kwa dhati.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Daktari. Habari za huku?"

Nikampa ya kijani. Akaisoma, akaivaa upande wa kushoto, akaenda kukaa safu ya mwisho karibu na mlango wanaopitia wahudumu wa chai.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Nilipomaliza utarajali hospitali ya Muhimbili nilipangiwa hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Yeye alikuwa muuguzi wa usingizi pale, yaani anayewapa wagonjwa dawa ya usingizi au ganzi wanapopasuliwa, aliyesomea hospitali ya KCMC Moshi na kukaa thieta, chumba cha upasuaji, miaka zaidi ya ishirini. Wiki yangu ya pili, usiku, akaletwa mama ambaye kondo la nyuma limetangulia mbele ya mtoto na damu inamtoka. Nikaagiza sindano ya ganzi ya mgongoni, kwa sababu ndiyo niliyozoea kuiona ikitumika. Mzee hakunibishia mbele ya manesi. Alimshika mama mkono, akatazama kucha, akamvuta kope la chini kutazama ndani, kisha akaniita pembeni kana kwamba anataka kunionyesha kitu kwenye mashine.

"Daktari, presha ya huyu haibebi mgongo. Ukimchoma itaporomoka na hatutaikamata. Tumpe nusukaputi ya ketamini, na hizi chupa mbili za damu zianze kuingia sasa hivi."

Nikamsikiliza. Mama alipona, mtoto naye akalia baada ya kupumuliwa kwa mfuko dakika kadhaa. Kesho yake niliposoma faili nikaona ameandika uamuzi wa ketamini kwa jina langu. Mpaka leo nikikutana na mgonjwa wa aina hiyo, mkono wangu unakwenda kwenye kucha kwanza.

Miaka ikapita. Nikarudi shule, nikawa bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, nikahamia Mwanza, na baadaye nikachaguliwa katibu wa kanda wa chama kimoja cha kitaaluma. Jina la chama silitaji. Waliomo ni watu wema, na mengi ya makosa nitakayoyasimulia niliyafanya mimi kwa mikono yangu. Mada ya mkutano ule wa beji za kijani ilikuwa usalama wa mama anayejifungua kwa upasuaji katika hospitali za wilaya. Wasemaji wote tuliwatoa hospitali za rufaa. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo kila usiku wilayani, yaani madaktari wasaidizi, wauguzi wa usingizi na wakunga, walikuwa nyuma, wamevaa kijani.

Anayeijua hospitali ya wilaya Tanzania haoni ajabu nikisema hivyo. Madaktari wasaidizi, wale waliotoka kuwa maafisa tabibu wakaongezewa mafunzo, wamekuwa wakipasua akina mama tangu miaka ya 1960. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakupishana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Utafiti huo niliusoma nikiwa masomoni na nikaunukuu kwenye tasnifu yangu. Haikunijia kwamba watu waliosimuliwa mle ndani ni haohao niliowachapia beji ya mgeni.

Katikati ya asubuhi msemaji mmoja alipendekeza sindano ya mgongoni iwe ya kwanza kwa kila upasuaji wa uzazi wilayani. Mkutano wote ulikuwa kwa Kiingereza. Mzee akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti, akaanza kwa Kiingereza, sentensi ya kwanza ikatoka, ya pili ikakwama katikati. Akasimama pale akitafuta neno. Ukumbi ukatulia ule utulivu wa watu wanaomwonea mtu haya. Mwenyekiti akamshukuru, akaita swali linalofuata. Mzee akakaa.

Nilijua alichotaka kusema. Alitaka kusema habari ya presha isiyobeba mgongo. Nilikuwa mbele, nimeshika ratiba, na sikusimama.

Jioni nikamfuata kwenye chai. "Daktari, usijali," akaniambia, "mimi nilikuja kusikiliza tu." Alikuwa amepanda basi siku nzima kwa nauli yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi ofisini nikatoa madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu na kuanza kutafuta majina yaliyowahi kuwepo yakatoweka. Hilo ndilo jambo ninalomshauri kila katibu alifanye kabla ya kuunda kamati yoyote: usiwaulize waliomo ukumbini kama ukumbi unafaa, wapigie simu walioacha kuja. Nilipiga simu kwa wiki mbili, nyingi usiku baada ya zamu.

Daktari mmoja wa Kibondo alinijibu kwa upole kabisa. "Dada, mimi ni Msabato. Kila mwaka mnakutana Jumamosi. Nilidhani mnajua." Katika kanda yenye Wasabato wengi namna hii, hakuna aliyewahi kuliwaza. Mwaka uliofuata tukahamishia mkutano Ijumaa, nami nikaweka uchaguzi saa saba mchana. Waislamu wakarudi kutoka msikitini wakakuta viongozi wameshapatikana na watu wanapiga picha. Hakuna aliyegomba. Mmoja alinitania kidogo tu, na utani ule uliniuma kuliko kama angepiga kelele. Sasa tunakutana Jumatano na Alhamisi, na kura zinapigwa tangu asubuhi mpaka jioni.

Mwingine, dada mdogo aliyekuwa hodari sana kwenye mijadala, alikuwa ameacha kuja tangu ajifungue. Aliwahi kuja mara moja, mtoto akiwa na miezi minne. Kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa ukumbini, alimwacha na dada wa kazi kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa mji. Ilipofika saa tano matiti yakaanza kuuma. Akaenda chooni, akajifungia, akakamulia maziwa kwenye sinki huku watu wakigonga mlango. Blauzi ililowa. Akajifunika shuka la kitenge, akaondoka kabla ya zamu yake ya kuwasilisha. Sisi kwenye ripoti tuliandika kwamba msemaji hakutokea. Mimi ni mama wa watoto wawili, bingwa wa uzazi, na kila kliniki nahubiri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Ripoti ile ina sahihi yangu.

Kurekebisha hilo hakukuhitaji fedha za wafadhili. Tuliomba chumba kimoja jirani na ukumbi, tukaweka kiti chenye mgongo mrefu, mkeka, chupa ya maji ya moto na beseni. Kilichozua mjadala mrefu kwenye kamati ni chakula cha mchana cha dada wa kazi. Mhasibu aliuliza ataandikwa fungu gani. Tukabishana karibu saa nzima juu ya sahani moja ya wali. Nashukuru tulibishana, maana mama hawezi kuja na mtoto bila mtu wa kumshika, na mtu huyo lazima ale. Hatimaye aliandikwa chini ya "washiriki".

Habari ya ngazi ndiyo inayonitia aibu zaidi. Mwanachama mmoja, daktari kijana anayetumia kiti cha magurudumu, alijisajili mapema, akalipa ada na kuandika kwenye fomu hali yake. Fomu niliisoma. Ukumbi niliokwisha kuulipia ulikuwa ghorofa ya pili, lifti ilikuwa mbovu, na meneja akaniahidi itatengenezwa. Haikutengenezwa. Vijana wanne wa hoteli wakambeba na kiti chake, mmoja akahesabu "moja, mbili, tatu" kwenye kila kituo cha ngazi, wageni wa hoteli wakisimama kupisha. Alipotua juu alifuta jasho, akaniangalia. "Dada, leo nimeingia mkutanoni kama jeneza." Kisha akaenda kukaa na akasikiliza mada zote mpaka mwisho. Hakunywa maji siku nzima, kwa sababu choo cha kumfaa hakikuwepo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo nchini tangu mwaka 2010. Sisi ni watu wa afya, tunaandika barua za kuwapendekezea wagonjwa viti vya magurudumu. Tangu siku ile ukumbi naenda kuutazama mwenyewe, nikiwa na futi ya fundi kwenye mkoba. Mlango wa choo ukiwa chini ya sentimita 80 naaga na kwenda hoteli nyingine. Mameneja wameshanizoea.

Yalikuwepo na mengine, ya ada na nauli. Bingwa wa hospitali kubwa huja kwa posho ya mwajiri, na daktari wa kituo cha afya Kakonko hujilipia basi, malazi na ada ileile. Tuliigawa ada kwa ngazi, na kikao kimoja kila robo mwaka tukakifanya kwa simu. Hilo lilikuwa rahisi.

La wanawake lilinishinda kwanza. Nilidhani kwa kuwa mimi ni mwanamke nitaliweza bila kufikiri. Nikapitisha azimio la kutenga nafasi tatu za wanawake kwenye kamati ya kanda, tukapiga makofi. Baada ya mwaka nikaona wenzangu watatu wamepewa mapokezi, zawadi za wageni rasmi, na usafi wa ukumbi. Fedha, programu ya kisayansi na uteuzi wa wasemaji vilibaki kwenye kikundi cha wanaume watano waliokuwa wakikutana saa mbili usiku kwenye baa ya hoteli, mahali ambapo dada zangu wasingekwenda na wengine walikuwa nyumbani wakilaza watoto. Mimi katibu ndiye niliyekuwa nikiandika maamuzi ya baa hiyo asubuhi yake kama muhtasari wa kikao. Mmoja wa wale watatu aliniuliza, "Dada, ulituitia kazi au ulituitia picha?" Mwaka uliofuata tulitaja kazi kwanza ndipo tukachagua watu: mweka hazina mwanamke, mwenyekiti wa programu mwanamke, na hakuna uamuzi unaohesabika kama haukufanyika kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Masharti ya saa ndiyo yaliyopingwa zaidi. Hapo nikajua ndipo mamlaka yalipokuwa yamejificha.

Lakini nilianza na Mzee, na kwake ndiko kazi ilikuwa ngumu kuliko kote, kwa kuwa katiba yetu ilisema mwanachama awe na shahada ya udaktari. Nilipeleka pendekezo la uanachama kamili, wenye kura, kwa madaktari wasaidizi, wauguzi wa usingizi na wakunga wa thieta. Mzee mmoja wa chama, mwalimu wangu ninayemheshimu mpaka leo, akasimama kupinga. Alisema hadhi ya taaluma ililindwa kwa jasho, na tukifungua mlango mgonjwa hatajua tena daktari ni nani. Akamalizia, "Hao nao waanzishe chama chao."

Hoja ya kwanza nilimjibu palepale. Anayelinda mgonjwa asidanganywe ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hayo ndiyo yenye rejista na leseni. Chama ni mahali pa kujifunza na kusemezana juu ya kazi tunayoifanya pamoja, na kukaa humo hakumpi mtu kisu asichokuwa nacho.

Hoja ya pili sikuweza kuijibu siku ile. Nilikwenda kuisoma. Uingereza, Elizabeth Garrett Anderson aliingia chama cha madaktari cha British Medical Association mwaka 1873. Miaka mitano baadaye wenzake wakapiga kura kuzuia wanawake wengine, naye akabaki mwanamke peke yake mpaka mlango ulipofunguliwa mwaka 1892. Miaka 19. Najaribu kuiwaza mikutano yote hiyo, mwanamke mmoja, na wanaomtazama. Marekani, madaktari weusi waliofungiwa milango walianzisha National Medical Association mwaka 1895. American Medical Association ilikuja kuomba radhi kwa ubaguzi huo mwaka 2008, watu walioumizwa wengi wakiwa makaburini. Kwetu, madaktari wanawake waliunda MEWATA mwaka 1987, Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, akiwa mstari wa mbele. MEWATA iliwafikia wanawake wengi kwa upimaji wa saratani ya matiti, na mimi ni mwanachama wake kwa moyo wote. Chama cha kwenu kina baraka yake: mnapumua, mnalea wadogo. Ila mtu akijiundia chake kwa hiari ni jambo moja, na akitumwa akaunde kwa sababu hapa hatakiwi ni jambo jingine. Na wauguzi wa usingizi wakikaa chumba chao na wapasuaji chumba chao, mama aliye mezani ndiye anayeachwa katikati.

Nikarudi na hayo kwenye kikao kilichofuata. Pendekezo likaanguka. Kura zilikuwa karibu, lakini lilianguka.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa hotuba yangu. Tulikuwa na utaratibu wa kujadili vifo vya uzazi vya kanda, kila hospitali ikileta kisa chake bila majina. Daktari kijana aliyepangwa kuongoza aliniomba afanye kwa Kiswahili, kwa sababu faili lenyewe lilikuwa na maelezo ya ndugu wa marehemu na hakutaka kuyatafsiri. Nikakubali bila kuwaza sana. Tukaalika waliokuwepo usiku ule, kada zote.

Sijawahi kuona mjadala kama ule. Mkunga Mkongomani anayehudumu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye Kiswahili chake ni cha Kivu na shule yake ilikuwa ya Kifaransa, alieleza kwa utaratibu jinsi mgonjwa alivyosubiri gari. Muuguzi wa wodi akasema alipiga simu mara tatu na hakupokewa, jambo ambalo halikuandikwa popote. Kisha Mzee akaomba nafasi. Alizungumza karibu dakika kumi na tano. Alieleza umeme ulipokatika mashine ya oksijeni ilizimika kwa muda gani kabla jenereta haijashika, kwa nini mtungi wa akiba ulikuwa mtupu, nani huwa na ufunguo wa stoo usiku, na jinsi mtu aliye peke yake kichwani pa mgonjwa anavyoamua mkono upi ubane mfuko na upi ushike mshipa. Mwalimu wangu, yule aliyepinga, alitoa kalamu akaanza kuandika. Akamuuliza Mzee maswali manne. Alimwita "mwenzangu".

Pendekezo lilipita mara ya tatu, baada ya miaka miwili. Walipewa kura, ila si haki ya kugombea uenyekiti, na hilo bado tunalivutania. Mwalimu wangu alipiga kura ya ndiyo, na akaja kuniambia bado ana wasiwasi. Namwamini kwa yote mawili.

Mkutano mkuu uliofuata Mzee alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Tulimweka kwenye programu, saa nne asubuhi, mada ya ketamini kwa mama anayevuja damu, kwa Kiswahili. Beji zote mwaka ule zilikuwa rangi moja. Alipomaliza, daktari bingwa wa usingizi, kijana wa kike aliyerudi masomoni juzi tu, akashika kipaza sauti na kusema hakubaliani naye. Akaeleza dozi ya Mzee ni kubwa kwa mgonjwa aliyeishiwa damu, akataja sababu. Moyo ukanidunda, nikaangalia safu ya mbele.

Mzee akavua miwani. "Sawa, Daktari," akasema, "wewe ungempa kiasi gani, na huyo mama ana kilo ngapi?"

Binti akajibu. Mzee akakataa. Mtu wa tatu akaingilia, mwenyekiti akatangaza mapumziko, wao wakaendelea kubishana wakitembea kuelekea kwenye chai, wakichorana namba kwenye karatasi ya leso, mpaka wahudumu wakaanza kuondoa vikombe.